Vigae haviponyi ufa: Mambo ya kuchunguza kabla ya kufunika sakafu iliyopasuka Kisumu

Na MWANDISHI WETU

WAMILIKI wengi wa nyumba mjini Kisumu na katika vijiji vya ufuo wa Ziwa Victoria hukimbilia kununua vigae mara tu sakafu ya saruji inapopasuka. Baada ya misimu michache ya mvua, vigae hivyo huanza kutoa mlio wa uwazi vikikanyagwa, huinuka, kisha huvunjika palepale ufa ulipokuwa. Fedha ambazo pengine zilikusanywa kwa miaka huwa zimepotea, na mwenye nyumba hulazimika kumlipa fundi tena aving'oe.

Sababu ni kwamba kigae hakinyumbuki. Sakafu iliyo chini yake ikisogea hata kidogo, kigae hakina la kufanya ila kupasuka au kubanduka. Kwa hivyo, swali la kwanza si aina ya kigae, bali ni iwapo ufa huo umetulia au bado unatembea.

Udongo unaovimba na kusinyaa

Upande wa mashariki wa Kisumu, kuelekea Nyamasaria, Ahero na tambarare za Kano, ardhi nyingi ni udongo mweusi wa mfinyanzi. Udongo huu hunywa maji na kuvimba wakati wa mvua. Kiangazi kikija husinyaa na kuacha mipasuko mirefu shambani. Sakafu iliyomwagwa juu yake huinuliwa na kushushwa kila msimu. Hali huwa nafuu katika miinuko ya Riat na Kajulu, ambako mwamba uko karibu zaidi.

Hata hivyo, si kila ufa unaotokana na udongo. Nyufa nyembamba kama unywele, zilizotapakaa kama utando wa buibui, kwa kawaida hutokea saruji inapokaushwa haraka na jua bila kumwagiwa maji. Hizo ni za juu tu. Ufa mmoja ulionyooka, wenye upana sawa na pande zilizolingana, mara nyingi ni wa saruji kujikunja ilipokuwa ikikauka, nao hutulia baadaye. Ufa wa kuogopwa ni ule ambao upande mmoja umeinuka kuliko mwingine, unaopanuka na kubana kulingana na msimu, au unaopanda ukutani.

Njia ya kuubaini ni rahisi. Weka alama ya kalamu kwenye ncha zote mbili za ufa na uandike tarehe. Kisha pakaza jasi kidogo juu ya ufa mahali pawili au patatu. Ngoja tangu kiangazi cha Januari na Februari hadi mvua ya masika imalizike mwezi Mei. Jasi ikipasuka au ufa ukivuka alama, sakafu hiyo bado inatembea.

Maji kutoka chini

Adui wa pili ni unyevu. Mwezi Mei 2020, Ziwa Victoria lilipanda hadi kuvunja rekodi iliyowekwa mwaka 1964, na mwaka 2024 likapanda tena. Katika maeneo ya chini kama Dunga, ziwa likijaa, maji yaliyo ardhini nayo husogea juu na kupenya kwenye nyufa za sakafu, hata pale ambapo mafuriko hayakuingia mlangoni.

Kata kipande cha nailoni safi chenye upana wa nusu mita kila upande, kibandike sakafuni kwa utepe kuzunguka kingo zote, na ukiache siku nzima. Ukikifunua na kukuta matone upande wa chini au saruji imegeuka nyeusi, unyevu unatoka ardhini. Matone yakiwa upande wa juu pekee, tatizo ni hewa nzito ya chumba, na dawa yake ni madirisha. Unga mweupe unaofanana na chumvi sakafuni pia ni ishara ya maji yanayopanda.

Katika nchi za baridi kama Kanada, ambako nyumba nyingi zina vyumba chini ya ardhi, mafundi hukabili unyevu uo huo. Nao huzuia maji kwanza, ndipo wakafunika sakafu.

Hatua za kuchukua

Ufa uliotulia huchongwa kwa patasi ili uwe mpana kidogo, hufagiliwa vumbi lote, kisha huzibwa kwa mchanganyiko mzito wa saruji au kwa gundi ya ipoksi. Vigae huwekwa kwa gundi inayonyumbuka. Zulia la plastiki na mbao havifai kwenye sakafu yenye unyevu, kwani hufungia maji chini au huoza.

Ufa unaotembea hauzibiki. Anza nje ya nyumba: weka mifereji ya paa, elekeza maji mbali na kuta, na usipande mikaratusi karibu, kwa kuwa hufyonza maji na kukausha udongo upande mmoja. Sakafu ikiendelea kusogea, ni lazima ivunjwe. Udongo mweusi huchimbwa na kuondolewa, shimo likajazwa mawe na changarawe zilizoshindiliwa, ikatandikwa nailoni nene na wavu wa chuma, kisha ikamwagwa zege ya unene wa sentimita 10. Zege hiyo humwagiwa maji kwa siku 7 na kuachwa hadi siku 28 kabla ya kuwekewa kigae.

Asiyeweza kumudu gharama hiyo kwa sasa ni heri abaki na sakafu yake ya saruji, azibe nyufa kwa muda, na fedha za vigae azitumie kwanza kwenye mifereji.