Mratibu wa Wanaojitolea Moshi Anafanya Nini Hasa?

Kila mwaka ikifika Juni, vijana wenye mabegi makubwa mgongoni huanza kumiminika Moshi. Wengi ni wanafunzi wa vyuo vya Ulaya na Marekani walioko likizo, na wengi wao wamejaza kwenye fomu kwamba wanataka kufundisha. Lakini Juni hiyohiyo shule zetu hufungwa, hazifunguliwi tena mpaka Julai. Kijana amekata tiketi, ameshuka KIA, amefika kijijini na vitabu vyake vya picha, anakuta darasa lina kufuli. Mtu aliyepaswa kuliona hilo miezi kadhaa kabla, na kumwambia aje Agosti au asije kabisa, ni mratibu wa watu wa kujitolea.

Cheo hiki hata majirani wa mwenye cheo hawakielewi. Wanamwona mjini akiongozana na wageni, wanadhani ni mwongoza watalii asiyepanda mlima. Saa zake nyingi, kwa kweli, huishia kwenye simu, kwenye makaratasi na kwenye kukataa watu kwa adabu.

Hapo kwenye kukataa ndipo utaalamu wenyewe ulipo. Barua inaingia: nina wiki mbili, napenda watoto, niko tayari kwa lolote. Mratibu anayeijua kazi haanzi na barua hiyo. Anaanza na zahanati, shule au kikundi cha akina mama huko Kibosho, Marangu au Uru, anawauliza wamekwama wapi. Mara nyingi jibu ni la kawaida mno: mafaili ya wagonjwa yamevurugika, kikundi hakijui kufunga mahesabu ya mwisho wa mwaka, kompyuta tatu za msaada zimekaa stoo na hakuna wa kuziwasha. Akishapata jibu ndipo anamtafuta mtu anayelingana nalo. Wanaoanza na mgeni kisha wakamtafutia shughuli ndio hupaka rangi ukuta uleule kila msimu, na fundi rangi wa Njoro kakaa kijiweni hana kazi.

Kwa vituo vya kulelea watoto mimi sina maneno ya kulainisha. Mtoto aliyekwisha kupoteza wazazi anazoea mgeni, anabebwa, anaimbiwa, na baada ya siku kumi na nne mgeni anapanda ndege. Wiki inayofuata anakuja mwingine. Tunayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inayotaka maslahi ya mtoto yatangulie, na ukiisoma kwa makini utaona kwamba hamu ya mgeni kujisikia vizuri haimo. Mratibu mwenye msimamo humweka mgeni wa muda mfupi jikoni, bustanini au ofisini, amsaidie mlezi wa kudumu apate nafasi ya kukaa na watoto. Na simu za kupiga picha zinabaki kwenye begi.

Kuna upande wa serikali pia. Anayekuja kujitolea hafanyi kazi kwa viza ya utalii. Akikaa muda mrefu anahitaji kibali cha ukaazi daraja C, kundi moja na wamisionari, watafiti na wanafunzi, na shirika linalompokea ndilo linalobeba dhamana yake. Mratibu anayelegeza hapa siku moja atajieleza mbele ya maofisa wa Uhamiaji, huku mgeni wake akiuliza kosa lake ni nini.

Ila wageni ndio sehemu nyepesi ya kazi. Sehemu ngumu ni kijana wetu aliyemaliza ualimu au uuguzi, ajira hazijatoka, akaamua kujitolea ili asisahau alichosomea. Huyu hana bima ya safari wala mzazi wa kumtumia dola. Anatoka Pasua au Majengo kwa daladala, anashuka njia panda, anapanda kilima kwa miguu, mchana anakunywa maji. Baada ya miezi miwili anaacha kuja, na ofisini wanaandika kwamba vijana wa siku hizi hawana moyo. Moyo anao, nauli ndiyo hana. Bajeti ya mradi isiyo na nauli na chakula cha mchana kwa anayejitolea inamgeuza kijana huyo kuwa mfanyakazi wa bure, na mratibu ndiye anayepaswa kulisema hilo kwenye kikao, hata kama mfadhili yuko mezani.

Wala tusidhani kazi hii imeletwa na ndege. Mifereji ya Wachagga, inayoshusha maji ya mlimani hadi mashambani, imetunzwa kwa vizazi vingi na watu wanaoitwa siku moja na majembe, kila nyumba inatoa mtu, na mzee wa mfereji anajua nani hakutokea. Mwaka 1990, ukimwi ulipokuwa unazungumzwa kwa kunong'ona, wanawake wa hapa Moshi walianzisha KIWAKKUKI, Kikundi cha Wanawake Kilimanjaro Kupambana na Ukimwi, wakaenda majumbani kwa wagonjwa ambao ndugu zao wengine waliogopa hata kuwagusa. Na Oktoba 2020, moto ulipowaka juu mlimani, mamia ya watu walipanda kuuzima, wakiwemo wanafunzi wa Chuo cha Mweka na wanavijiji. Umati kama huo haujipangi wenyewe. Lazima awepo wa kuandika nani amepanda, chakula kinapita njia gani, na nani bado hajashuka giza linapoingia.

Mtu wa kazi kama hii akitoka ofisini anafanya nini? Swali hilo nalichukulia kwa uzito, kwa sababu simu yake hailali. Saa nne usiku mgeni ana tumbo la kuhara, mama mwenyeji anauliza kama anaruhusiwa kumpa mtori. Mratibu asiye na jambo la kumpendeza nje ya kazi hatachukua muda ataanza kuwachukia watu anaowahudumia.

Moshi ina mengi ya kumpumzisha. Wapo wanaokimbia alfajiri barabara za Shanty Town wakijiandaa kwa Kilimanjaro Marathon, ambayo tangu 2003 huujaza mji wageni kati ya mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi. Wapo ambao Jumamosi wanapanda kihambani kupogoa kahawa na kukata majani ya migomba, wakirudi na mkungu na matope kwenye viatu. Wengine ni wanakwaya, na hawa nimewaona wakiwa waratibu wazuri kuliko wengine. Mwalimu wa kwaya hamfukuzi aliyetoka nje ya sauti. Anamsogeza karibu na anayeimba sawasawa, na mwenyewe anajirekebisha. Ndivyo wanavyofanya Jumatatu na kijana aliyepoteza mwelekeo kazini.

Kama unafikiria kujitolea mwaka huu, Mtanzania au mgeni, kabla ya kusaini chochote omba kuongea na mratibu mwenyewe. Muulize nani aliomba msaada huo, na uliombwa lini. Kisha uliza habari ya nauli. Akibabaika, tafuta shirika jingine, Moshi hayakosekani.