Bahari Katika Sekunde Thelathini: Picha za Mwanga wa Muda Mrefu Pwani ya Unguja

Kupiga picha ya bahari kwa mwanga wa muda mrefu ni kuuacha wazi mlango wa kamera, yaani pazia dogo linalopitisha mwanga, kwa sekunde kadhaa au hata dakika, badala ya sehemu ndogo ya sekunde kama ilivyo desturi. Katika muda huo mwamba usiotikisika huonekana bayana, ilhali mawimbi, kwa kuwa hayatulii mahali pamoja, huchanganyika mpaka yakafanana na ukungu, na kile kinachobaki pichani ni jumla ya mwendo wote uliopita mbele ya lenzi.

Zamani hali hiyo ilihesabiwa kuwa kasoro. Louis Daguerre alipoupiga picha mtaa wa Boulevard du Temple mjini Paris mwaka 1838, bamba lake lilihitaji mwanga wa dakika kadhaa, hivyo magari ya farasi na wapita njia hawakuonekana, isipokuwa mtu aliyetulia akisafishiwa viatu. Katika miaka ya 1850, Gustave Le Gray alisifika nchini Ufaransa kwa kufanya kinyume chake, yaani kulinasa wimbi likiwa bado limeinuka. Leo, kamera zikiwa na kasi ya kutosha, ulaini ule uliokuwa ukikimbiwa ndio unaotafutwa.

Kwa kuwa jua la tropiki ni kali, mpiga picha hufunika lenzi kwa kichujio cheusi, ambacho ni kioo kinachopunguza mwanga bila kubadili rangi kwa kiasi kikubwa. Kiwango chake hupimwa kwa stopu, na kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu. Kwa hiyo kichujio cha stopu 10 huupunguza takriban mara 1,000, na picha iliyohitaji 1/30 ya sekunde sasa huhitaji kama sekunde 30. Robo sekunde hadi sekunde moja huacha michirizi ya povu linaporudi baharini, lakini sekunde 30 huifuta yote. Miguu ya stendi ya kamera hukitwa ndani kabisa ya mchanga, kwani kila wimbi linalopita huchimba chini yake na kuitikisa.

Hata hivyo, kanuni za kamera hazitoshi kwa asiyejua maji. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa Unguja hukaribia mita 4. Siku hizo maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa karibu na saa nne, hivyo jua linapochomoza upande wa mashariki, Paje au Jambiani, maji huwa yameanza kutoka. Ngalawa inayoelea huyumba na kufifia pichani, bali iliyokwisha kukaa mchangani hubaki na kingo zake zote.

Kupwa huko ndiko kunakowapa wakulima wa mwani, wengi wao wanawake, nafasi ya kufika kwenye mashamba yao, kilimo kilichoanza kwenye vijiji hivyo mwaka 1989. Hapa ufundi huu hudai uangalifu wa kimaadili, kwa sababu sekunde 30 huviacha vigingi vya mwani vikiwa vimesimama, huku wanawake wanaoinama na kutembea kati yake wakitoweka, na mtazamaji akaamini kwamba ufuo ule hauna mtu. Mpiga picha anayeiheshimu pwani huomba ruhusa, hakanyagi kamba za mwani, na hupunguza muda wa mwanga mpaka watu waonekane pale ambapo kazi yao ndiyo habari ya picha. Kuchagua idadi ya sekunde, basi, ni kuamua nani aonekane na nani afutwe, na uamuzi huo haustahili kuachiwa kichujio.