Kinyama cha mwanao kinakwenda wapi baada ya kipimo?

Miaka mingi iliyopita, nikiwa daktari mchanga katika wodi ya watoto, nilimpa mama mmoja karatasi mbili na kalamu. Mwanawe wa miaka mitano alikuwa na uvimbe wa taya, na meno ya upande ule yalikuwa yameanza kulegea. Karatasi ya kwanza ilikuwa ya kukubali tuchukue kinyama kwa ajili ya kipimo. Ya pili iliomba kipande kitakachobaki kitumike katika utafiti wa saratani.

Sikumweleza tofauti. Foleni ilikuwa ndefu.

Akaniuliza, “Daktari, nyama ya mwanangu mnaipeleka wapi?” Nikamjibu, “Maabara, mama.” Hakusaini hata moja. Akambeba mtoto wake wakaondoka. Waliporudi baada ya wiki tatu, uvimbe ulikuwa umefika kwenye jicho. Mtoto alipona, lakini jicho lile halikuona tena.

Yule mama aliuliza swali la haki, nami nililijibu vibaya. Leo nalijibu kwako mzazi unayesoma safu hii, maana huenda siku moja ukawekewa karatasi kama zile.

Safari mbili, kinyama kimoja

Safari ya kwanza ni ya mwanao. Kinyama hukatwa vipande vyembamba sana, hutiwa rangi, kisha bingwa wa patholojia hukitazama kwa hadubini. Uvimbe wa taya unaweza kuwa jipu la jino, na unaweza kuwa saratani. Kwa macho tu hatuwezi kuwa na uhakika, na dawa hutegemea jibu hilo. Saratani iitwayo limfoma ya Burkitt, inayowapata watoto wengi wa ukanda wetu, inaweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili. Ndiyo maana wiki tatu ni nyingi mno.

Safari ya pili ni ya utafiti. Mara nyingi anayekipokea kipande hicho ni mwanasayansi kijana aliyemaliza shahada ya uzamivu na kupewa mkataba wa miaka michache, chini ya mtafiti mkuu, ili achunguze swali moja tu. Kwa mfano: kwa nini dawa hii inaua seli za saratani ya mtoto huyu na kushindwa kwa yule? Yeye hamtibu mwanao, na kwa kawaida hapewi jina lake. Chupa huwa na namba tu. Anaotesha seli, anasoma vinasaba, anajaribu dawa. Siku nyingi hurudi nyumbani bila jibu. Lakini bila kipande ambacho mzazi amekubali kukitoa, hana hata pa kuanzia.

Kilichoanzia Mulago

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alimwona mtoto mwenye uvimbe pande zote za mataya. Muda mfupi baadaye akakuta mwingine mjini Jinja. Alifuatilia hadi akagundua kwamba ugonjwa huo hutokea zaidi kwenye maeneo ya joto na mvua, yenye malaria nyingi.

Mwaka 1961 alitoa mhadhara London, na mtafiti Anthony Epstein alikuwamo ukumbini. Tangu hapo vipande vya uvimbe vikawa vinasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Kwa zaidi ya miaka miwili Epstein hakuona kitu. Kisha, mwishoni mwa 1963, ukungu ukailazimisha ndege kutua Manchester. Sampuli ikachelewa, ikafika na maji yaliyochafuka kana kwamba imeoza. Alipoitazama, akakuta seli zilizo hai zikielea. Zikaoteshwa, na mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr, mtafiti kijana aliyekuwa bado hajapata uzamivu wake, wakatangaza kirusi walichokiona ndani yake. Kinaitwa Epstein-Barr, na ni kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu.

Usiogope: watu wazima wengi wanacho bila kuugua saratani. Malaria ya mara kwa mara utotoni ni miongoni mwa vinavyochangia. Hiyo ni sababu nyingine ya mtoto kulala kwenye chandarua.

Ripoti ya kirusi hicho ilitoka Machi 1964. Juni mwaka huohuo Chama cha Madaktari Duniani kilipitisha Azimio la Helsinki, mojawapo ya misingi ya maadili ya utafiti kwa binadamu. Ridhaa unayoombwa leo ni haki yako. Hakuna anayekufanyia hisani.

Kabla hujasaini, uliza

Karatasi hii ni ya matibabu au ya utafiti? Je, mtatumia kilichobaki, au mtakata kingine cha ziada? Kitahifadhiwa wapi, na kitapelekwa nje ya nchi? Jina la mwanangu litaonekana? Kamati ya maadili imeupitisha utafiti huu? Nikibadili mawazo, nimwambie nani?

Kama mtoto ni mkubwa wa kuelewa, naye aulizwe. Ukikataa utafiti, matibabu hayapaswi kupungua hata kidogo. Daktari akiwa na haraka kama nilivyokuwa mimi, mwambie, “Naomba unieleze kwanza.”

Lakini ukikataa karatasi ya pili, tafadhali usiikatae ya kwanza. Ukiona taya la mtoto limevimba, meno yanalegea bila sababu, jicho linatokeza au tumbo linajaa, nenda hospitali sasa. Watoto wengi wenye limfoma ya Burkitt hupona kwa dawa wakiwahi na kumaliza matibabu.