Je, Wajua? Pafu la Kupandikizwa Huumia Damu Inaporudi

Je, wajua kwamba pafu la kupandikizwa halipati hatari yake kubwa likiwa kwenye barafu, bali pale linapoanza tena kupata damu na hewa?

Pafu la kwanza kupandikizwa kwa binadamu liliwekwa Juni 1963 na Dk. James Hardy, huko Jackson, jimbo la Mississippi, Marekani. Mgonjwa aliishi siku 18. Kwa miaka 20 iliyofuata wengine walijaribu, lakini hakuna mgonjwa aliyefikisha mwaka. Mara nyingi kikwazo kilikuwa mshono wa bomba la hewa. Vimishipa vinavyolilisha bomba hilo hukatwa pafu linapotolewa, na kwa kawaida haviunganishwi tena. Mshono ukikosa damu hufa na kufumuka, na dozi kubwa za steroidi, zilizotolewa ili mwili usilikatae pafu, zilizidi kuuchelewesha kupona. Mwaka 1983, Dk. Joel Cooper na wenzake wa Toronto, Kanada, wakitumia siklosporini, dawa mpya ya kuzuia mwili usilikatae pafu, walimpandikiza mgonjwa aliyeishi zaidi ya miaka 6.

Leo mshono si tishio kama zamani. Kinachohofiwa zaidi ni pafu jipya kushindwa kazi ndani ya saa 72 za kwanza. Chembe zilizokaa bila damu hujaa kemikali chafu; oksijeni inaporejea ghafla, kemikali hizo huwaka na kutoboa kuta za vimishipa. Majimaji huingia kwenye vifuko vya hewa, na mgonjwa huanza kuzama akiwa kitandani. Kuvuja kwa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi. Kuvuja kwa pafu ni balaa kwa aliyelipokea. Ndiyo maana madaktari humpiga eksirei ya kifua mara kwa mara, na pia hulinganisha oksijeni iliyomo kwenye damu yake na ile anayovutishwa.

Nani yuko hatarini zaidi? Kwanza hutazamwa aliyetoa pafu: kama alikuwa mvutaji sigara, hatari hupanda. Kisha aliyelipokea: unene wa kupindukia, shinikizo la juu katika mishipa ya mapafu, au ugonjwa wa sakoidosisi. Mwisho ni chumba cha upasuaji chenyewe: kutumia mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu, kuongezewa damu nyingi, kupandikiza pafu moja badala ya mawili, na hata kumpa mgonjwa oksijeni nyingi mno dakika zile damu inaporejeshwa. Hewa inayookoa maisha, ikizidi, hudhuru.

Ili kupunguza hatari hiyo, wataalamu wa Lund, Sweden, na Toronto walibuni njia ya kulipima pafu nje ya mwili: huwekwa ndani ya chombo chenye joto la mwili, likapulizwa hewa na kupitishiwa majimaji maalumu kwa saa kadhaa. Likifanya kazi vizuri hupandikizwa, likishindwa huachwa.

Je, pafu la mvutaji sigara litupwe? Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba waliopokea mapafu ya wavutaji waliishi muda mfupi kuliko waliopata ya wasiovuta, lakini walikuwa na nafasi nzuri ya kuishi kuliko waliobaki kwenye foleni wakisubiri. Kwa mgonjwa aliyeishiwa pumzi, pafu lenye kasoro bado ni bora kuliko kukosa kabisa.