Nyumba ni Yangu, Kiwanja si Changu

Mgeni akija Mombasa huoneshwa Ngome ya Yesu, akatembezwa Ndia Kuu kutazama milango ya nakshi, kisha akamalizia Bandari ya Kale. Huondoka akidhani ameuona mji. Lakini liko jambo ambalo jicho haliwezi kuliona, nalo ni kwamba nyumba nyingi za kisiwa hiki zina wenyewe wawili. Mmoja ana kuta na paa. Mwingine ana mchanga ulio chini yake.

Nilipokuwa mdogo sikulijua hilo. Kila mwisho wa mwezi shangazi yangu, aliyekuwa na nyumba ya vyumba sita huko Majengo, alinipa pesa zilizofungwa kwenye pindo la leso nimpelekee mzee mmoja wa Mji wa Kale. Mzee huandika stakabadhi, nami nikarudi nayo mbio. Siku moja nikamwuliza, "Shangazi, kwani nyumba hii si yako?" Akacheka. "Nyumba ni yangu, mwanangu. Pale iliposimama ndipo si pangu."

Hiyo ndiyo iitwayo nyumba bila ardhi. Sheria ya Kiingereza husema kilichoshikamana na ardhi ni mali ya mwenye ardhi. Mila yetu ya Pwani, pamoja na sharia ya Kiislamu, haikuona ugumu nyumba kuwa ya huyu na kiwanja kuwa cha yule. Mtu hupewa ruhusa, akajenga, akawa analipa kodi ya kiwanja. Ujenzi wenyewe ulisaidia: fito, boriti za mikoko, udongo na makuti. Mkikosana, mwenye nyumba aliweza kung'oa miti yake akaenda zake.

Taabu iliingia pale nyumba ilipotaka kuwa ya kudumu. Ukuta wa mawe haubebeki begani. Ndiyo sababu wenye viwanja wengi hukataza kujenga kwa mawe, wakihofu mpangaji hatatoka tena. Shangazi yangu alinyimwa ruhusa hiyo mara mbili, na kila masika alikuwa akikandika upya ukuta uleule.

Kisha yule mzee akafariki. Warithi wakaleta barua: kodi ya kiwanja ipande mara tatu, ama nyumba iondolewe. Nilimsomea barua ile ukumbini. Hakusema neno. Aliinuka akaenda kuleta kopo la stakabadhi, akaanza kuzihesabu moja moja, kana kwamba wingi wake ungemtetea.

Hapa ndipo palipo na kichekesho kisichochekesha. Sheria ya Kenya ya kudhibiti kodi, ambayo asili yake ni ya mwaka 1959, humlinda mpangaji wa nyumba ya kukaa ambayo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, naye huweza kupeleka lalama zake kwenye baraza maalumu. Basi wale wapangaji wa vyumba vya shangazi walikuwa na mahali pa kukimbilia. Lakini yeye, aliyekuwa mwenye nyumba kwao na mpangaji kwa wengine, tulipomwuliza karani mmoja mstaafu, alikuna kichwa tu. "Bi Mkubwa," akasema, "wewe umesimama mlangoni. Huko ndani hukuingia, na nje hukutoka."

Wenzetu wa Unguja waliwahi kuikabili shida hii. Mwaka 1928 wakazi wa Ng'ambo, waliokuwa na vibanda vyao juu ya viwanja vya watu, walikataa kwa pamoja kulipa kodi ya viwanja iliyokuwa ikipandishwa. Wanawake hawakubaki nyuma katika mgomo huo, kwani wengi wao walikuwa wenye nyumba. Serikali ya kikoloni ikalazimika kuingilia kati na kuzidhibiti kodi hizo.

Wala si sisi watu wa Pwani peke yetu. Huko California, Marekani, wako watu wanaokaa katika nyumba zinazoelea baharini. Nyumba ni zao, lakini maji na gati wanamofunga kamba ni mali ya mwingine, nao humlipa kodi. Kodi hizo zilipopandishwa ovyo, walijikuta hawana pa kwenda, kwa kuwa nyumba inayoelea si mashua ya kusafiria. Mwaka 2022 jimbo hilo lilitunga sheria ya kuweka mpaka wa kupandisha kodi ya gati katika baadhi ya wilaya za Ghuba ya San Francisco. Ikiwa anayeelea ameonewa huruma, je, aliyekita nguzo ardhini?

Haki haina budi kupimwa pande zote mbili. Mwenye kiwanja naye hutozwa ada na serikali ya kaunti, na kodi nyingine za viwanja zilibaki ndogo kwa miaka mingi. Hatuombi apokonywe mali yake. Tunaomba mapatano yaandikwe na kutaja miaka. Nyongeza ya kodi iwe na kipimo. Anayetakiwa kuondoka alipwe thamani ya nyumba yake. Na kiwanja kikiuzwa, aliyejenga juu yake aulizwe kwanza. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inataja haki ya kila mtu kuwa na makazi ya kufaa. Haikusema "isipokuwa wa Majengo."

Shangazi alisaidiwa na wazee wa mtaa. Walikaa na warithi jioni tatu, kodi ikapanda mara mbili badala ya tatu, na nyumba ikasalimika. Lakini huruma ya wazee si sheria. Wazee hufa, kama yule mzee wa kwanza alivyokufa. Wahenga walinena: mtumai cha ndugu hufa masikini.

Lile kopo ninalo mimi sasa, na stakabadhi zimo. Kodi ya kiwanja bado naipeleka kila mwisho wa mwezi.