Lori Lililopita Majini

Someni polepole maneno mliyoyasikia redioni.

Mwanzo wa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilileta mvua kubwa pwani yetu. Barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika huko Somanga, Wilaya ya Kilwa, na magari yakakwama huku na huku. Wakati wa mafuriko kama yale dereva mwenye haraka hulitia lori majini. Likivuka, hufurahi. Injini inalia vizuri. Kumbe maji yamekwisha kuingia nyuma.

Yameingiaje? Difu ni lile tumbo la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma. Ndani yake mna gia, nazo huzunguka katika mafuta mazito. Lori likienda, tumbo hilo hupata moto. Hewa iliyomo hutanuka na kutoka kwa tundu dogo la pumzi lililo juu. Ukiliingiza majini ghafula, difu hupoa na hewa husinyaa. Hapo difu huvuta pumzi, nalo limo majini! Giaboksi nayo ni vivyo hivyo.

Basi usiende safari ya mbali. Simamisha lori mahali pa sawa, liache litulie saa kadhaa. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo hukaa chini. Weka karai, kisha legeza nati ya chini kidogo kidogo. Yakitangulia maji, umepata jibu. Mafuta yakiwa meupe kama tui la nazi, yamekwisha kuchanganyika, usingoje yajitenge. Mwaga yote. Tia mafuta mapya ya gia, endesha polepole mwendo mfupi, mwaga tena. Rudia mpaka yatoke safi. Bei yake inauma, lakini gia na beringi zikiliwa na kutu, hasara yake ni kubwa zaidi. Mafuta machafu usiyamwage karibu na kisima wala mikokoni.

Ninyi mnaopakia mizigo ufukweni, sikilizeni sana: maji ya chumvi hula chuma upesi. Kwanza osha lori lote kwa maji baridi ya kisima, hasa chini. Kisha fungua magurudumu. Beringi zioshe kwa mafuta ya taa, zikaushe, uzitazame juani. Ukiona vidoadoa vya kutu vilivyochimba chuma, beringi hiyo haifai tena. Iliyo nzima ijaze grisi mpya. Kwenye krosi za shafti piga grisi mpaka ile chafu itoke yote na safi ionekane. Breki nazo zikaguliwe kabla ya kupakia.

Mwisho, zibua tundu la pumzi. Mafundi wengine hulifunga mpira mwembamba na kuupandisha juu ya chesisi, ili difu livute hewa kavu. Ni kazi ndogo.

Sasa andika katika daftari: Kwa nini nati ya chini hulegezwa polepole?