Msimu Ambao Englebert Haikushindwa

Ni nani kati yetu asiyelijua jina la TP Mazembe ya Lubumbashi? Lakini herufi hizo mbili za mwanzo, T na P, zilitoka wapi? Zilitoka katika msimu mmoja, yaani ule wa mwaka 1966.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1939, mji ulipokuwa ukiitwa Elisabethville, mapadre Wabenedikto wa shule ya Mtakatifu Bonifasi waliwaundia wanafunzi wao timu ya kabumbu. Waliiita Saint-Georges, kwa heshima ya mtakatifu msimamizi wa maskauti. Mwaka 1944 ikawa Saint-Paul. Baadaye, wachezaji wa kutoka nje ya shule walipoongezeka, mapadre waliacha uongozi, nayo timu ikachukua jina la Englebert, kampuni ya mipira ya motokaa.

Kisha nchi ikapatwa na msiba. Julai 1960, siku chache baada ya uhuru, Katanga ilijitenga na Kongo, na damu ya ndugu ikamwagika mpaka Januari 1963. Kwa hiyo, timu za Katanga zilipokutana na zile za mji mkuu kugombea ubingwa wa taifa, haukuwa mchezo mtupu. Kati ya miji hiyo miwili pana kilomita zaidi ya 1,500. Na umbali wa mioyo haukuwa mdogo.

Mwaka 1966, mwaka uleule Elisabethville ilipoitwa Lubumbashi na Léopoldville ikawa Kinshasa, Englebert ilitwaa vikombe vitatu: ubingwa wa taifa, Kombe la Kongo na Kombe la Katanga. Ubingwa iliupata pasipo kushindwa hata mara moja. Jambo hilo si dogo, kwa maana katika ubingwa mwenye kushindwa leo aweza kujirekebisha siku nyingine, na wengi huridhika na hivyo. Ndipo ikapewa sifa ya Tout Puissant, maana yake Mwenye nguvu zote. Sisi twajua sifa hiyo ni ya nani peke yake. Lakini furaha ya watu haipimwi kwa katekisimu.

Mwaka uliofuata Englebert ilikwenda kugombea Kombe la Afrika la timu bingwa. Katika fainali ilikutana na Asante Kotoko ya Ghana: 1 kwa 1 mjini Kumasi, kisha 2 kwa 2. Mchezo huo wa pili, ambao Englebert ilikuwa mwenyeji, ulichezwa Kinshasa. Wana wa Katanga waliifanya Kinshasa kuwa kwao! Mchezo wa kuamua ulipangwa Yaoundé. Kotoko hawakufika, na kombe likaja Kongo. Kombe la 1968 nalo likabaki mikononi mwa Englebert, timu ya kwanza kulitetea.

Tena, Januari 1968, mjini Addis Ababa, Kongo iliishinda Ghana 1 kwa 0 na kutwaa Kombe la Mataifa ya Afrika. Aliyefunga goli alikuwa Pierre Kalala. Mlinda mlango alikuwa Robert Kazadi. Wote wawili walikuwa wa Englebert. Miaka mitano tu ilikuwa imepita tangu vita vya Katanga, na goli la kijana wa Lubumbashi lilikuwa la Kongo nzima.

Enyi wanafunzi, timu hiyo ilianzia katika uwanja wa shule kama wenu.